Kuogesha Vitanda

Watu wa siku hizi wana mdomo. Ukiwaambia ulianza maisha ya ndoa Kibra, wanakunja pua, halafu wanakuuliza mlikuwa mkilalaje na kunguni. Mimi nawajibu hivi: nimewajua wanawake wengi, na sijaona hata mmoja aliyewachukia kunguni kama yule mama Mnubi aliyetupangisha chumba. Aliwachukia mpaka hakukubali watajwe nyumbani kwake. Alisema "hao" tu. "Hao wamepita kwako?" Anauliza akiwa ameinama, mkono mmoja kiunoni, macho kwenye pembe za kitanda chako, na wewe mpangaji umesimama kando kama mtu aliyeletwa kortini.

Nilifika kwake nikiwa bado mbichi, mke wa mpishi. Mume wangu alikuwa akimpikia Mzungu mmoja karibu na barabara ya Ngong, na kule kwenye vyumba vya maboi mke hakutakiwa. Akatafuta chumba Kibra, akaniita. Nikapanda garimoshi kwetu Luanda, nikiwa na kikapu, kuku mmoja, na godoro la majani makavu nililolishona mwenyewe kwa ajili ya ndoa yangu. Alinipokea stesheni tukaja kwa miguu, mpaka kwenye nyumba ndefu ya udongo, paa lake la madebe yaliyopondwa yakawa bapa. Mlangoni amesimama mama mrefu, mweusi tititi, amejitanda nguo nyeupe. Nikapiga goti, nikamsalimu kama tunavyosalimu wakubwa kwetu Bunyore. Akaitikia vizuri sana. Kisha akaliona godoro.

"Hilo linabaki nje," akasema.

"Mama, ndilo ninalolalia."

"Utalalia mkeka wangu. Hilo litakaa juani mpaka niseme mimi."

Wee! Nilivimba kwa hasira. Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Ulidhani ni wewe tu?" akaniambia tulipoingia ndani. "Mimi nilipokuja, koti langu lilichemshwa. Nikaenda kazini limerukia viwikoni, memsabu akaniuliza kama ni la mdogo wangu."

Mama huyo alikuwa mjane. Mumewe alikuwa askari wa Kiingereza, kama wazee wengi wa Kinubi pale, na alipomaliza kazi yake wakabaki kwenye kiwanja chao. Mzee alipofariki, mama akaongeza vyumba kwenye nyumba, akapangisha. Vitanda vilikuwa vyake. Chumba kilikuja na kitanda. Na vile vitanda vya Kinubi, nakwambia, ni vizuri mno kwa mgongo wa binadamu: mbao nne nzito zimetobolewa matundu pande zote, na ngozi iliyokatwa nyuzi nyuzi imesukwa katikati. Lakini hesabu hayo matundu yote. Kila tundu ni chumba cha kupanga, na mpangaji wa humo halipi.

Kwa hivyo Jumamosi ilikuwa siku ya vitanda. Jua likishapanda mama anapita akigonga milango kwa mwiko. Kila kitanda nje! Maji yanachemka kwenye madebe, unayamwaga kwenye maungio ya mbao polepole, huku unageuza kitanda kama mtu anayeogesha mgonjwa. Kikishachuruzika, unachukua unyoya wa kuku, unauchovya kwenye mafuta ya taa, unaupitisha kwenye kila tundu. Kinakaa juani mpaka alasiri. Ndani nako kuna kazi: udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, unakandika kila mahali palipopasuka. Wengine wakisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wanazungumzia maisha. Yeye alikuwa anazungumzia ukuta. Jioni, kitanda kikirudi ndani, kila mguu unasimamishwa ndani ya mkebe wenye maji na mafuta ya taa kidogo juu yake, na kitanda kinasogezwa katikati. "Kitanda na ukuta wasisalimiane," alikuwa akisema. Ukipitisha mkono pale katikati na usipite vizuri, ole wako.

Mwanzoni nilimwona mkali wa bure. Kisha nikazoea, kisha nikampenda. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, nikalelewa na shangazi kwa mkono mzito, kwa hivyo sikujua mtu mzima mwanamke anaweza kukugombeza na bado akuwekee chakula. Huyu alinigombeza kila siku. Alinifundisha kupika kisra, ile mikate yao myembamba kama kitambaa, na nilipoiunguza aliita majirani waje waone. Nilipokuwa na mimba alinikataza kubeba maji, akabeba yeye, huku akinung'unika njia nzima kwamba wasichana wa bara ni wavivu. Mtoto alizaliwa mikononi mwake, katika chumba kile, ukuta umekandikwa upya siku ile ile. Akamtazama akasema, "Huyu ni askari wangu." Tangu hapo mtoto akilia mimi namchukua kwa upande huu, yeye anamnyang'anya kwa upande ule, anamwimbia Kinubi mpaka analala. Nilikuwa nimepata mama ukubwani, na niliogopa kumpoteza kuliko kitu chochote.

Sasa sikia shida ilipotokea.

Wanubi wa Kibra wana jambo moja zuri ambalo karibu lituhamishe. Mtu akifiwa, au akiozesha mtoto, wageni wanakuja kutoka kila upande, Kibos, Kibigori, hata Bombo kule Uganda. Hakuna anayeuliza watalala wapi. Vijana wanapita nyumba kwa nyumba wanabeba vitanda. Hawaombi, inajulikana. Wewe mwenye kitanda unatandika mkeka chini unalala. Shughuli ikiisha, kitanda kinarudi mlangoni kwako na sahani ya chakula juu yake. Kumnyima mtu kitanda siku ya msiba ni kama kumwambia azike peke yake.

Lakini kitanda kinakwenda peke yake na kurudi na jamaa. Kimesimama juma zima ubavu kwa ubavu na vitanda vya mtaa mzima, kimelaliwa na wasafiri waliolala kwenye magari na stesheni. Si uchafu wa mtu fulani. Mwaka huo ulikuwa na misiba na harusi nyingi, zikifuatana kama siafu, na kitanda chetu kilihudhuria zote. Kikirudi, kabla Jumamosi haijafika, mtoto anaamka na mstari wa vipele vyekundu kutoka sikioni mpaka shingoni. Tunakichemsha, vipele vinapona, mtoto ananenepa. Halafu huyo, mtu mwingine amekufa.

Mume wangu alikuwa mtu wa mzaha, lakini mtoto akiumwa mzaha unamwisha. "Huyu mama anawaua Jumamosi, Jumatatu anakwenda kuwaalika tena," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kiko kitandani, na kina ruhusa." Akaniambia kwamba rafiki yake, mtunza bustani, amepanga Kawangware, kwa mzee mmoja Mkikuyu aliyejenga vyumba kwenye shamba lake, ng'ambo ya Riruta. Huko kila mtu ana kitanda chake na kinakaa kwake. Chumba kimoja kiko wazi.

Nikamwomba tusubiri. Akasubiri. Tukazika mzee mwingine, kitanda kikaenda kikarudi, mtoto akavimba jicho akashindwa kulifungua. Siku hiyo mume wangu alimbeba mtoto mlangoni kwenye mwanga, akalitazama lile jicho. Halafu akasema, "Jumapili baada ya hii ijayo tunahama. Mtoto ni wangu pia." Alikuwa na haki, na haki yake ilinichoma.

Nikaona afadhali niseme mwenyewe kwa mama. Nikamkuta anachambua mchele, mtoto nimembeba mgongoni. Nilipanga maneno mazuri njia yote, kutoka mlango wangu mpaka wake, kisha nikafungua mdomo yakatoka yaliyotoka: "Mama, mtoto anamalizwa na kunguni."

Ungo ukasimama. "Katika nyumba yangu?"

"Si wako, mama. Wanakuja na vitanda. Tungekataa tu mara moja—"

"Nikatae!" Akasimama. "Nimfungie mlango mfiwa? Wewe unajua mume wangu alipokufa nyumba hii ilikuwaje? Ilijaa vitanda mpaka huku nje. Sikuuliza vimetoka wapi, wala vina nini ndani. Nilivitazama nikajua siko peke yangu. Leo nikatae?"

Machozi yakaanza kunitoka. Nikamwambia, basi, mume wangu ameamua, tunahamia Kawangware.

Mama akaja nyuma yangu, akamrekebishia mtoto nguo mgongoni. "Kawangware kuna baridi," akasema. "Mfunike kifua." Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata hakugonga mlango wangu kwa mwiko. Alipita moja kwa moja. Nilitoa kitanda mwenyewe, nikakimwagia maji, na yeye akawa anamwagia chake upande wa pili wa ua, tumepeana migongo kama wake wenza. Haki ya Mungu, heri angenitukana. Mume wangu akaanza kufunga mizigo kidogo kidogo, kila jioni kitu kimoja, nami nikawa namtazama anavyoifunga nikitamani mikono yake ipoteze nguvu.

Siku ya kuhama ikawa inaangukia siku moja baada ya harusi kuanza. Msichana wa nyumba ya tatu alikuwa anaolewa, na Jumamosi asubuhi vijana wakaja kama kawaida kuchukua vitanda. Mama akawa amesimama mlangoni.

"Vitanda havitoki," akasema.

Mtaa mzima ulisikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia aliuacha ufagio ukaanguka. Hao vijana walicheka kidogo, wakidhani ni mchezo, kisha wakaacha.

"Havitoki hivi hivi," akaendelea. "Bibi harusi ameoga?"

"Bado anafukizwa, mama."

Hii nieleze, maana si kila mtu anajua. Bibi harusi wa Kinubi anachimbiwa kishimo, ndani yake yanawekwa makaa na vipande vya mgunga na manukato, anakaa juu yake amefunikwa blanketi, moshi unamwingia mpaka ngozi inang'aa na harufu yake inakaa siku nyingi. Ndiko kufukizwa.

"Anafukizwa," mama akasema. "Anapakwa hina, anaogeshwa. Na wakwe wake walale kwenye vitanda visivyooga? Mmesahau mila? Kwetu Sudan kitanda cha harusi kilikuwa kinaoga kabla ya bibi harusi mwenyewe! Nendeni mlete vitanda vyote hapa. Vya kila nyumba. Kisichooga hakiendi harusini."

Kwetu Sudan! Mama huyu alizaliwa hapa hapa Kibra. Sudan aliijua kama ninavyoijua mimi Yerusalemu. Nilikuwa mlangoni kwangu na mtoto, nikajishika mdomo.

Akina mama wakaanza kutoka. Wanatazamana. Unaona mmoja anataka kuuliza, lakini atakayeuliza ndiye atakayeonekana hajui mila. "Ni kweli," mmoja akasema polepole, "nafikiri hata marehemu mama alikuwa na jambo kama hilo." Mwingine akadakia kwamba kwao lilikuwa la lazima. Lakini mama wa bibi harusi hakuridhika. Akaamuru aitwe nyanya yake mzaa mama, bibi kizee ambaye kweli alitoka huko, aliyekuja na misafara ya askari akiwa msichana. Kama kuna mtu aliyeijua Sudan kwa macho, ni yeye.

Akaja anajikongoja, akakalishwa juu ya debe. Wakamweleza. Akasikiliza macho yamefumba, anatafuna ufizi wake. Mimi nilimtazama mama mwenye nyumba wangu: uso mkavu, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la nguo yake. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba mila ile haikuwepo.

Bibi kizee akafumbua jicho moja. "Wasichana wa leo," akasema, "mmeacha kila kitu. Chemsheni maji."

Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau, au alielewa, au na yeye alikuwa nao kitandani kwake.

Basi! Nani angebaki nyuma? Vitanda vilitoka kila kona, vingine sikuwahi kuviona juani tangu nifike. Vilijaa uani, vikajaa njiani. Mawe yakapangwa, madebe yakapanda motoni, mafuta ya taa yakachangwa chupa kwa chupa, kuku wakanyonyolewa manyoya wangali hai. Mama akachimba mashimo, akatia makaa na mgunga, akasimamisha vitanda juu yake vimefunikwa magunia, vinafukizwa kama mabibi harusi waliopangwa foleni. Mtu akaleta ngoma ya doluka, ile wanayoipiga harusini. Wakaimba. Nyimbo za kumwogesha bibi harusi ndizo walizoimba, mahali pa jina la msichana wakatia kitanda, na wanawake wazima wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Mama akapita na debe la maji ya moto akaniambia bila kunitazama, "Umepooza? Shika upande huo." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa juma zima. Nikashika upande huo.

Na hao walitoka, jamani. Walidondoka kwenye mbao kama dengu zilizomwagika. Hakuna aliyetaja. Kila mtu alitazama juu akiimba, huku miguu inafagia kuelekea motoni. Mwanamke mmoja, kitanda chake kilipozidi, akasema kwa sauti, "Vumbi la barabara hii!" Wote wakaitikia kwamba vumbi la mwaka huu limezidi.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akaukuta mtaa wote una moshi. Nikamweleza kwa kifupi, sikioni. Akatazama vile vitanda, akamtazama yule mama amesimama katikati yake na mwiko, jasho linamtiririka, anaamuru watu kwa Kinubi na Kiswahili. Akavua koti. Akatia kidole karibu na debe moja. "Haya hayajachemka," akasema. "Hapa mnawaogesha tu." Wanawake wakapiga vigelegele. "Mpishi! Leo utupikie vitanda!" Akawapikia. Alibeba madebe mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kila kitanda alichokimwagia alikirudia.

Jua lilipokuwa linashuka, vitanda vikaenda harusini vikinukia mgunga. Ua ukabaki na matope na mikebe. Tukaingia chumbani kwetu, tumechoka, mizigo imefungwa imepangwa ukutani tayari kwa kesho. Mlango ukagongwa. Mama akaingia, ameshaoga, amevaa nguo ya harusi, akanyoosha mikono apewe mtoto. Nikampa. Akamgeuza shingo kwenye mwanga wa dirisha, akamwangalia nyuma ya masikio, kisha akamlaza begani.

Alizungumza na mume wangu, si mimi.

"Mpishi, mimi tangu nizaliwe sijawahi kudanganya mbele ya wazee. Leo nimedanganya. Nimeitia Sudan ndani, na watu wakawatia mama zao marehemu ndani, na yule bibi kizee Mungu anajua. Nimefanya hivyo kwa ajili ya shingo hii. Kila harusi na kila matanga nitafanya tena, mpaka nife. Sasa mkienda Kawangware kesho, nitakuwa nimejipeleka motoni bure."

Mume wangu alipiga goti mbele ya mzigo mkubwa akaanza kufungua kamba. Alikuwa ameikaza vibaya, na mikono ilikuwa imevimba, fundo likakataa. Akatoa kisu chake cha jikoni akaikata. Kamba mpya, ya katani, aliyoinunua makusudi kwa kuhama. Akaenda kwenye mzigo wa pili, akaikata na ile.

"Nenda harusini, mama," akasema. "Unachelewa."

Hakwenda. Aliketi na mtoto wake begani, akaanza kuniambia nilivyofunga sufuria zangu vibaya, kwamba zingebonyea mifuniko yote kabla hata hatujafika Riruta. Nami nikamsikiliza anavyonigombeza, nalia na kucheka, natoa sufuria moja moja kuzirudisha mahali pake.